Mzani wa Korosho

Usiniulize kwanza habari za angani.
Niulize habari za pasi ya mkaa,
maana bawa lilianzia mezani kwangu,
hapa Nachingwea, nyuma ya soko,
kati ya sare za shule
na suruali za kupunguzwa kiuno.

Kaka yangu Mchopa alikuja na jora la kitambaa cha pazia,
kile chepesi kinachosinyaa kikipata moto.
"Somoe," akasema, "nishonee mabawa."
Nikamwuliza: mkono mrefu au mfupi?
Hakucheka.
Akanipa kipimo, futi kumi na tatu kila upande,
nikajua mtu huyu amekwisha kuondoka,
umebaki mwili tu kumfuata.

Daftari lake ninalo mpaka leo.
Injini: ya jenereta, kutoka kiwanda cha kubangua kilichokufa,
tumebadilishana na pikipiki.
Magurudumu: ya toroli.
Mabomba ya alumini: yaliyoshika antena ya marehemu Chikoti
(mjane kasema chukua, televisheni yenyewe iliibwa).
Pangaboi: mninga, vipande saba, gundi, na subira.
Mkanda wa kiti: wa Fuso lililopinduka Ndanda.
Boliti za mabawa, hapo peke yake hakubana senti.
Aliuza magunia mawili kabla ya mnada,
kwa bei ya kangomba, bei ya kulia,
akaagiza mpya, za karatasini.
Pembeni ameandika: *Bawa halikopeshi.*

Nami nikapiga pasi.
Kitambaa kikajivuta juu ya mbavu za mbao,
kikakaza, kikakaza,
nikakigonga kwa ukucha
kikaitika kama ngoma iliyooteshwa moto.

Akaja bwana wa kibali,
viatu vyeusi, vumbi jekundu,
akatikisa kila boliti,
akachambua siku nzima kama anayetafuta kokoto kwenye mchele.
Jioni akaandika:
isipite kimo cha mnazi,
isitoke nje ya uwanja,
na atakayekaa humo asizidi kilo sitini.

Tukaenda ghala la chama cha msingi.
Karani Hokororo, ambaye kidole chake
kimekula korosho za wilaya nzima,
siku hiyo alikiweka mfukoni.
Mchopa akapanda mzani: themanini na nne.
Akavua viatu. Akavua mkanda.
Akatoa funguo, akatoa simu, akatoa pumzi.
Themanini na tatu.

Hakuna aliyesema neno.
Mimi nilipanda kwa mzaha tu,
sindano zimechomekwa kifuani:
hamsini na mbili.

Miezi miwili alinifundisha kwenye kigoda,
mpini wa jembe katikati ya magoti,
kushoto, kulia, polepole, usivute, Somoe, usivute!
Halafu ardhini, kwenye ule uwanja wa nyasi
walioulima wazungu wa karanga wakauacha,
nikikimbia kama kuku mwenye mabawa yasiyo yake.

Asubuhi yenyewe upepo ulikuwa haujaamka.
Sikujua kama nimeruka.
Nilijua tu kwamba toroli imenyamaza.

Nikatazama kushoto. Ubavu wa tatu,
pale umeme ulipokatika nikamalizia kwa mkono,
mshono umepinda kidogo, na umeshika.
Nikatazama chini. Mchopa anakimbia,
mikono ameitandaza,
kivuli cha bawa kikamfikia mabegani,
kikamvaa kwa nukta moja,
na nisiwe mwongo, kazi yangu ilimkaa.

Dakika moja na nusu, kwa saa ya Hokororo.
Nilitua vibaya, gurudumu moja likapasuka.
Saa nne mteja alikuwa mlangoni
akidai suruali yake.

Tangu siku hiyo kaka yangu hali ugali wa usiku.
Kila Jumamosi anakwenda ghalani,
anavua viatu mlangoni kama anayeingia msikitini,
anapanda.
Jumamosi iliyopita: sabini na sita.